Mwajiri mwenye watu 20 aajiri asilimia 3 wenye ulemavu. Huyo mtu 0.6 anaajiriwaje?

#1 Nyundo wa Mabibo
Wakuu, salaam.
Niko idara ya utumishi kwenye kiwanda kimoja cha kati hapa Dar, jina nakaa nalo. Juzi wamekuja watu wa ukaguzi wa kazi. Wakaangalia mikataba, wakaangalia michango ya hifadhi ya jamii, mwisho wakauliza: wafanyakazi wenye ulemavu mnao wangapi? Bosi akanigeukia mimi. Nikasema hakuna. Bosi akakumbuka kwamba yule mzee wa stoo anachechemea tangu tumjue. "Mwandike yule!"

Nikashuka stoo kumuuliza kama niandike jina lake. Akaweka chini kalamu, akaniangalia. "Ukiniandika leo, siku mkipunguza watu mtaanza na nani?" Sikumwandika.

Sasa swali langu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Miaka yote hii imepita. Piga hesabu: asilimia 3 ya 20 ni 0.6. Ili upate mtu mzima mmoja lazima ufikishe watu 34. Hapo katikati kila mwajiri anajisomea anavyotaka. Mimi nasema waajiri si watu wabaya kiasi hicho, ila sheria iliandikwa ya kusomwa jukwaani. Nani ana maoni tofauti?

#2 Chapati Kavu
0.6 ni mtu wa siku tatu kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumatano. Hesabu imekubali kabisa hahaha.
Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

#3 Mzee Kigogo Luhanga
Mleta mada rudi kasome. Ni asilimia 2, na ni kwa mwajiri mwenye watu 50. Nilikuwa mwajiriwa wa shirika la umma enzi hizo na tulikuwa tunaijua.

#4 Wakili wa Kibarazani
Mzee wangu #3 shikamoo. Hiyo unayoisema ni sheria ya ajira kwa wenye ulemavu ya 1982, Na. 2 ya mwaka huo. Asilimia 2, watu 50. Ya 2010 ndiyo ikaja na 3 na 20, mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Novemba 2009. Mleta mada yuko sahihi.

Ila na yeye nimguse kidogo. Unasema kila mwajiri anajisomea anavyotaka. Mwenye watu 20 amewekwa ndani ya sheria kwa makusudi, hawezi kuwa amewekwa ili aajiri sifuri. Mimi nikisimama mbele ya hakimu nitasema 0.6 inapanda kuwa 1. Mwenzangu upande wa pili atasema inashuka. Mtu wa kulipeleka jambo hilo mahakamani tumalize ubishi ndiye anayekosekana.

#5 Mzee Kigogo Luhanga
Marahaba mwanangu. Sasa angalia: asilimia 2 ya 50 ni ngapi? Mmoja kamili, hana mkono hana mguu wa ziada. Sheria ya zamani iliandikwa na watu waliosoma hesabu kwa kijiti na ubao. Nabaki na msimamo wangu.

#6 Chapati Kavu
"Hana mkono hana mguu wa ziada" kwenye uzi wa ulemavu? Mzee umetisha.

#7 Dada wa Hannover
Huku Ujerumani wamelimaliza hilo la desimali. Asilimia ni 5 na inaanzia kwa mwajiri mwenye watu 20, lakini kwa wadogo sheria inataja vichwa, haitaji asilimia: chini ya watu 40 awe na mmoja, chini ya 60 awe na wawili. Hakuna ubishi wa kupanda wala kushuka.

Na usipofikisha unalipa. Kila mwezi, kwa kila nafasi iliyo wazi. 2024 kiwango cha chini kilikuwa euro 140, na mwajiri mkubwa asiye na hata mmoja akawekewa euro 720 kwa nafasi. Pesa hiyo haiingii kapu kuu la serikali, inarudi kununua vifaa na kurekebisha ofisi za waliokubali kuajiri. Yaani jirani yako mkaidi ndiye anakulipia njia ya mteremko ya mlangoni.

Ila msidhani ni peponi. Kuna kampuni zinaona heri zilipe kuliko kuajiri. Wanaiweka kwenye bajeti kama bili ya umeme, maisha yanaendelea.

#8 Wakili wa Kibarazani
#7 hapo ndipo penyewe. Yetu ina agizo, tozo haina, na mfuko wa kumrudishia mwajiri gharama haina.

#9 Nyakwar wa Kondele
Niaje majirani. Kenya tuliamka juzi juzi. Mei 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, muswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye yeye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Mwajiri mwenye watu 20 kwenda juu atenge asilimia 5. Fanyeni hesabu: 5 ya 20 ni mmoja. Hatutaki nusu mtu sisi.

#10 Chapati Kavu
Wakenya mmeiba hesabu za Mzee wa #5.

#11 Pweza wa Mikindani
#9 tusidanganyane. Katiba yenu ya 2010, ibara ya 54, ilishaweka hiyo 5 kwa vyombo vya umma. Ripoti za Tume yenu ya Utumishi wa Umma zinatoka, na bado mko mbali na 5. Kama serikali yenyewe haijafika ndani ya miaka 15, mwenye duka la jumla River Road atafika lini?

#12 Nyakwar wa Kondele
Sikatai #11. Lakini ngoja nikupe kitu ambacho nyinyi hamna. Yule mzee wa stoo wa #1, angekuwa Kenya angejiandikisha mwenyewe, tena kwa kukimbia. Ukisajiliwa na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu na ukapata cheti cha KRA, yaani mamlaka yetu ya kodi, shilingi 150,000 za kwanza za mshahara kwa mwezi hazikatwi kodi. Cheti kina muda wake, kikiisha unaomba upya. Mjomba wangu ni mwalimu, mkono mmoja haufanyi kazi. Alikaa kimya miaka na miaka, siku aliposikia habari ya kodi alikuwa wa kwanza foleni. Watu hawafichi ulemavu kwa aibu peke yake. Wanaficha kwa sababu kuutaja hakuna faida, hasara ipo.

#13 Nyundo wa Mabibo
#12 asante sana. Hii nitampelekea mzee wa stoo, ingawa haitamsaidia upande huu wa Namanga.

#14 Fimbo Nyeupe
Nimesoma mpaka hapa bila kuchangia, sasa niseme. Sioni tangu darasa la tatu. Shahada ninayo. Niliajiriwa huduma kwa wateja kwenye kampuni moja, na kwenye usaili walinipenda kweli, mpaka picha za mitandaoni tulipiga.

Siku ya kwanza kazini naweka NVDA kwenye kompyuta, ile programu inayosoma skrini kwa sauti. Ni ya bure, haikuwagharimu hata senti. Nafungua mfumo wao wa malalamiko ya wateja. Aliyeutengeneza hakuweka majina kwenye vitufe, kaweka vipicha tu. Kwa hiyo sikioni nasikia: "batani, batani, batani, batani." Kipi ni kuhifadhi, kipi ni kufuta? Nikakariri kwa kuhesabu. Batani ya nne kuhifadhi, ya sita kufunga tatizo. Nikaenda vizuri tu, mpaka siku waliposasisha mfumo na kuongeza batani moja katikati. Asubuhi nzima nilikuwa nafuta malalamiko ya wateja nikidhani nahifadhi.

Niliitwa ofisini. Hawakunifukuza, mkataba ulipoisha tu hawakuongeza. Fundi wa mfumo angeandika majina ya vitufe kwa siku moja. Kwa hiyo tukianza na 0.6 na 1 na tozo, mimi nawaambia niliajiriwa, nikahesabiwa kwenye asilimia, na bado sikuwa na kazi.

#15 Mama Mapacha Tegeta
#14 pole sana ndugu. Na mpaka leo mfumo huo huo unatumika?

#16 Fimbo Nyeupe
Sijui, sijarudi. Lakini niliwapigia simu kama mteja, nikaambiwa "subiri kidogo mfumo unasumbua."

#17 Kaa la Moto
Wakuu tuache unafiki. Kazi zenyewe ziko wapi? Mimi nina miguu miwili, macho mawili, shahada ya masoko, na nauza miwa Mbezi Mwisho. Kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira lina mstari ule ule: waombaji wenye ulemavu wanahimizwa kuomba na waainishe kwenye mfumo. Sisi wengine hatuhimizwi na mtu. Usawa gani huo?

#18 Wakili wa Kibarazani
Kuhimizwa si kuajiriwa mkuu. Ungekuwa mstari ule unaajiri, uzi huu usingekuwepo.

#19 Mwalimu wa Kigwe
#17 nakuelewa hasira, lakini anza mbali zaidi. Nimefundisha shule ya msingi yenye kitengo cha watoto wasioona. Unajua kitabu kimoja cha sayansi kikiwekwa kwenye nukta nundu kinakuwa juzuu ngapi? Zinajaza rafu. Juzuu moja ikichanika, sura mbili zimekwenda, na mtoto anasubiri mpaka mwakani.

Kwa viziwi ndiyo kabisa. Shule za msingi zipo, Buguruni mnaijua. Njoo sekondari uzihesabu, Njombe Viziwi na chache nyingine, baada ya hapo mtoto anapelekwa shule ya kawaida kukaa na mwalimu asiyejua alama hata ya "karibu". Anakaa miaka minne anakopi ubaoni. Halafu mwajiri anasema nimetangaza, hawakuja wenye sifa. Hadanganyi! Hao wenye sifa walipotelea kidato cha pili. Mimi naona mjadala wa asilimia 3 unaanza kwenye ngazi ya juu ya nyumba ambayo haina ngazi ya chini.

#20 Kiziwi Sauti Kubwa
Mwalimu #19 kweli lakini usimwachie mwajiri njia. Mimi ni kiziwi na sifa ninazo. Baraza la Mitihani linatuongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa masomo mengine. Wamekubali kwamba muda wetu si sawa na wenu.

Nimeenda usaili wa kampuni. Hakuna mkalimani wa lugha ya alama. Nilishawaandikia kabla kwamba mimi ni kiziwi. Wakachukua karatasi, mmoja anaandika swali, mimi naandika jibu, wanapokezana kusoma. Dakika 15 kama wote. Mwenzangu anayesikia alijibu maswali kumi na kitu, mimi nilifika la nne. Barua ikaja: "hukufikia alama."

#21 Mama Mapacha Tegeta
Duh.

#22 Fundi Mitambo Chang'ombe
Wanaoogopa viziwi viwandani hawajakaa nao. Kwetu kuna dada wawili viziwi kwenye laini ya kufungasha. Hofu ya meneja ilikuwa gari la kunyanyua mizigo, kwamba hawatasikia honi. Tukafunga taa inayozunguka juu ya gari lile, na nyingine ukutani karibu na king'ora cha moto. Waya na taa, kazi ya nusu siku. Ajabu yake ni kwamba sasa wale wanaosikia nao wanaitegemea taa, maana kwenye kelele za mashine nani alikuwa anaisikia ile honi?

Ila tuseme ukweli, kupanda cheo ndiyo bado. Wako laini ile ile. Wote walioanza nao ni wasimamizi.

#23 Pweza wa Mikindani
#22 hilo la cheo ndilo kubwa. Tuliposhangilia Salum Barwany kushinda Lindi Mjini 2010, mbunge wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni, tukasema njia imefunguka. Kisha Dk. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, akawa naibu waziri 2015, akaenda kuwa balozi Ujerumani. Watu wa juu tunaweza kuwataja kwa majina. Msimamizi wa zamu kiwandani mwenye ualbino, nani anaweza kunitajia?

#24 Dada wa Hannover
Ukiweza kuwataja kwa majina maana yake bado ni wachache.

#25 Bi Shamba la Bahari
Nina ualbino, niko mauzo. Msimamizi wangu hatoki kwenye kundi la watu wabaya. Tatizo ni ratiba. Zamu ya kuzunguka madukani inaanza saa nne mpaka saa tisa, jua la Temeke mnalijua. Niliomba nianze saa moja nimalize saa tano, maduka yapo wazi. Jibu: "Tukikubadilishia wewe, wote watataka." Basi nanunua kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi ninapoyapata. Kampuni inatoa fulana ya mikono mifupi yenye nembo, na ni lazima kuivaa. Mpaka sasa naivaa juu ya shati la mikono mirefu, naonekana kama golikipa.

#26 Chapati Kavu
Golikipa wa timu gani dada, tujue kama tukuonee huruma au tukupongeze.

#27 Bi Shamba la Bahari
Ya Jangwani. Na huruma yako kaa nayo.

#28 Mtu wa Minnesota
Jamani habari za huku Marekani mmezisikia? Januari 2025 Trump kaingia na amri za kufuta programu zote za namna hii serikalini, na kampuni zikafuata upepo. Walmart, wale wa maduka makubwa, walianza kurudi nyuma tangu Novemba 2024. Kwa hiyo wakati nyie mnatafuta asilimia 3, wakubwa wameshaona haifai.

#29 Wakili wa Kibarazani
#28 nusu ya habari hiyo. Costco, nao wa maduka makubwa, wanahisa wao walipigia kura Januari hiyo hiyo pendekezo la kutaka ripoti ya hatari za mipango hiyo, zaidi ya asilimia 98 wakakataa. Na sheria yao ya wenye ulemavu ya 1990 haijafutwa, Rais hawezi kuifuta kwa amri. Mwajiri kule bado anashtakiwa akikataa kumrekebishia mtu mazingira.

#30 Mtu wa Minnesota
Sawa wakili, ila kuna lile lengo la asilimia 7 kwa kampuni zenye mikataba na serikali kuu. Julai 2025 Wizara ya Kazi ilipendekeza liondolewe. Sheria inabaki, hesabu inatolewa. Nyie mna hesabu bila meno, wao wana meno wanataka kutoa hesabu. Mchague.

#31 Kaa la Moto
Nimemwelewa #30 kuliko wote.

#32 Mzee Kigogo Luhanga
Hivi wenye ulemavu ni wangapi hasa? Maana naona asilimia 3, 5, 7, kila nchi na yake.

#33 Nyundo wa Mabibo
Mzee, sensa ya 2022 inasema asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Ya 2012 ilikuwa 9.3.

#34 Pweza wa Mikindani
Na Kenya sensa ya 2019 ni 2.2. Yaani ukivuka Horohoro tu watu wanapona?

#35 Nyakwar wa Kondele
Hewa safi ya Kenya hiyo.
Kwa kweli ni namna ya kuhesabu. Sisi tulihesabu aliyesema ana ugumu mkubwa au hawezi kabisa. Ukijumlisha na mwenye ugumu kidogo namba inaruka. Wenyewe walalamikia hiyo 2.2, maana 2009 ilikuwa 3.5 na hakuna aliyeona muujiza katikati.

#36 Mwalimu wa Kigwe
Basi mjue na hiyo 11.2 ina bibi yangu anayeona kwa shida akitunga sindano. Si wote wanatafuta kazi.

#37 Mama Mapacha Tegeta
Wengi wala hawataki kuajiriwa, wanataka mtaji. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mbona hamjaitaja? Mwenye ulemavu anaruhusiwa kukopa hata peke yake, halazimiki kikundi kama sisi. 2023 ikasitishwa kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho, 2024 ikarudi. Katika kipindi kile jirani yangu mwenye kitimwendo alikuwa amemaliza makaratasi yote ya mkopo wa cherehani. Makosa ya vikundi hewa yeye yalimhusu nini?

#38 Kaa la Moto
Na mtaani kwenu ukiomba mwenyekiti saini, mnapewa bure?

#39 Mama Mapacha Tegeta
Hapo sipo.

#40 Nyundo wa Mabibo
Wakuu nimerudi na jipya. Nimempelekea bosi hesabu ya #4, kwamba 0.6 inapanda kuwa mmoja. Hakubisha. Akaniuliza tuna waajiriwa wangapi. Nikasema kwenye daftari letu ni 31. Akasema walinzi ni wa kampuni ya ulinzi, wasafishaji ni wa wakala, wapakiaji ni vibarua wa siku. "Toa hao." Nikamwambia nimeshawatoa, 31 ndiyo waliobaki. Akasema wapishi wa kantini nao waende kwa wakala kuanzia mwezi ujao. Wako 12.

#41 Chapati Kavu
31 toa 12 ni 19. Chini ya 20. Bosi wako kasoma hesabu kwa kijiti na ubao!

#42 Wakili wa Kibarazani
Huyo wakala atakayewachukua naye ni mwajiri, na bila shaka atakuwa na watu mamia. Asilimia 3 inamhusu yeye. Mkaguzi aende huko.

#43 Fimbo Nyeupe
Wakala akimwajiri asiyeona atampeleka kwenye kiwanda cha nani? Kwa bosi wa #40?

#44 Fundi Mitambo Chang'ombe
Nyundo, hao wapishi 12 wameshaambiwa?